Darasa la watoto themanini halitulizwi kwa fimbo

Kila Januari shule zetu za sekondari za kata hupokea watoto wa miaka 13 na 14 ambao miezi minne tu nyuma walikuwa wakubwa wa shule. Darasa la saba walikuwa viranja. Walipiga kengele, walisimamia usafi, waliwapanga wadogo zao mstarini. Sasa wao ndio wadogo kuliko wote. Walizoea kufundishwa kwa Kiswahili, na ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Walizoea walimu wachache waliowajua kwa majina na hata kwa wazazi wao. Sasa kwa wiki wanapita mbele yao walimu wanane au tisa, kila mmoja na masharti yake. Miili nayo inabadilika, sauti zinakatika, aibu inaota mahali ambapo haikuwepo. Halafu tunawaingiza katika chumba kimoja, sabini au themanini, wakati kiwango cha serikali kwa darasa la sekondari ni wanafunzi 40.

Wakipiga kelele, tunashangaa. Kisha tunachukua fimbo.

Nimewahi kufundisha Kidato cha Kwanza na cha Pili, na bado naingia na kutoka katika shule hizi, kwa hiyo siandiki kuwadharau walimu. Walimu wengi wa ngazi hii wanafanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Ninachosema ni kwamba utulivu wa watoto wa umri huu hutengenezwa kabla somo halijaanza, kwa utaratibu ambao kila mtoto ameufahamu na kuuzoea. Shule inayomwachia kila mwalimu ajipangie peke yake ndiyo shule inayoishia kuishi kwa viboko.

Hili lilichunguzwa zamani. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Jacob Kounin, aliwarekodi walimu kwa video wakiwa darasani, akawalinganisha wale ambao madarasa yao yalikuwa na utulivu na wale ambao madarasa yao yalikuwa vurugu tupu. Alitarajia kukuta tofauti katika namna wanavyowakemea au kuwaadhibu watoto wanaovuruga. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1970 alieleza kwamba hakuikuta tofauti ya maana hapo. Tofauti ilikuwa katika yale ambayo mwalimu alikuwa ameyafanya kabla ya vurugu kutokea: alijua kinachoendelea kila pembe ya darasa na watoto walijua kwamba anajua, aliweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na alihama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kuacha pengo. Ni pengo hilo ambalo kijana wa miaka 14 hulijaza kwa makelele.

Na mapengo tunayo. Tazama namna kipindi kinavyoanza katika shule nyingi. Kengele imegongwa. Mwalimu anaingia, darasa linasimama kumwamkia. Ubao umejaa maelezo ya Historia, na nusu ya darasa bado wanayanakili, kwa hiyo akifuta wanalalamika. Dasta haipo. Chaki imebaki kipande. Anauliza monita ni nani. Monita ametumwa ofisini na mwalimu mwingine. Mtoto anatumwa kufuata chaki, mwingine anaomba kutoka, wa tatu anaingia kutoka chooni. Vitabu viko sanduku moja nyuma ya darasa na wanaanza kugombea. Kipindi ni dakika 40, na kumi zimeshakwenda kabla mada haijaandikwa ubaoni.

Dakika kumi zinaonekana kidogo. Kwa siku yenye vipindi vinane ni dakika 80, yaani vipindi viwili kamili. Mwaka wa masomo una siku 194. Darasa linalopoteza kiasi hicho kila siku litakuwa limepoteza vipindi 388 kufikia Desemba. Halafu tunakaa vikao vya tathmini kujadili kwa nini watoto wameanguka Upimaji wa Taifa wa Kidato cha Pili, na mtu anasimama kupendekeza masomo ya ziada Jumamosi, kwa mchango wa mzazi.

Namfahamu mwalimu wa Baiolojia katika shule moja ya kata pembezoni mwa mji. Darasa lake la Kidato cha Pili lina zaidi ya watoto themanini, chumba hakina dari, na madirisha yamebaki nondo tu. Nilikaa nyuma nikamtazama. Upande wa kushoto wa ubao kuna mstari wa chaki uliochorwa kutoka juu hadi chini, na sehemu hiyo nyembamba haiguswi na mwalimu mwingine yeyote. Walimu wa darasa lile wamekubaliana hivyo. Hapo huandikwa tarehe, mada, na swali moja. Swali hilo mwalimu humpa monita jana yake kwenye karatasi, na monita huliandika mara mwalimu wa kipindi kilichotangulia anapotoka. Kwa hiyo mwalimu wa Baiolojia alipoingia watoto walikuwa tayari wameinamia madaftari, wanajibu kwenye kurasa za nyuma. Hakusema neno. Alitembea taratibu kupitia njia ya katikati hadi nilipokaa, akageuka, akarudi. Katika safari hiyo moja alikuwa ameshaona nani hayupo, nani hana kalamu, nani amelala, nani analia. Alimgusa bega msichana mmoja, akamwinamia na kumwambia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Kisha akaenda mbele na kuuliza jibu la swali.

Angalia ile njia ya katikati, kwa sababu wengi tunaipuuza. Viti na meza vimebanwa hivi kwamba mwalimu hawezi kupita mstari wa tatu. Anafundisha mbele tu. Huko nyuma kuna nchi nyingine yenye viongozi wake. Mwalimu yule alikuwa amebana meza kushoto na kulia, amekubali watoto wasogeane zaidi ya wanavyopenda, ili apate upana wa kupita mtu mmoja. Na mistari yake inahama kila baada ya wiki mbili: wa nyuma wanakuja mbele, wa mbele wanarudi nyuma, isipokuwa wale wasioona vizuri au wasiosikia vizuri, ambao hubaki mbele mwaka mzima. Hakuna mtoto anayepewa nyuma kama makao ya kudumu.

Kwa madaftari ana mbinu ambayo ningependa kila mwalimu wa darasa kubwa aifahamu. Yanakusanywa kwa mstari, na kila daftari hukabidhiwa likiwa wazi kwenye ukurasa wa kazi, likiwa limewekwa juu ya jingine. Mwalimu hafunui kurasa kutafuta. Kwa siku moja husahihisha mistari miwili tu, madaftari kama ishirini, na kufikia Alhamisi darasa zima limepitiwa. Mwalimu anayejaribu kusahihisha madaftari themanini usiku mmoja atafanya hivyo mara mbili, kisha ataacha kabisa, na watoto watajua ameacha. Mtoto akishajua kazi yake haisomwi, ameshapata sababu ya kuzungumza na jirani yake.

Sasa nije kwa monita. Katika shule zetu kazi kubwa tuliyompa ni kuandika orodha ya wapiga kelele. Mwalimu anatoka, monita anasimama mbele na karatasi, na mwalimu akirudi waliomo kwenye orodha wanachapwa. Tumemkabidhi mtoto wa miaka 14 mamlaka ya kuamua nani apigwe, bila ushahidi na bila rufaa. Kila aliyesoma Tanzania anajua kinachofuata. Marafiki wa monita hawaandikwi. Aliyemnyima andazi anaandikwa, na jina lake linawekewa alama za kuonyesha amerudia. Msichana aliyemkataa anaandikwa. Darasa linajifunza mapema kabisa kwamba madaraka ni kitu cha kuogopwa na kununuliwa, na monita mwenyewe anajifunza somo baya zaidi. Orodha hii ifutwe. Monita abaki na kazi za kweli: kuleta chaki na dasta kabla ya kipindi, kuandika swali la kuanzia, kutunza daftari la vipindi linaloonyesha mwalimu gani aliingia na kazi gani ameacha, na kumweleza mwalimu wa darasa nani hakuja shule. Kazi nyingine zigawanywe kwa viongozi wa mistari wanaobadilishwa kila wiki, ili kufikia mwisho wa muhula karibu kila mtoto awe ameshawajibika kwa jambo fulani mbele ya wenzake. Kijana wa umri huu anataka sana kuonekana na wenzake. Akipewa njia ya heshima ya kuonekana, hataitafuta kwa kurusha kipande cha chaki.

Lugha nayo ina sehemu kubwa katika kelele hizi kuliko tunavyokiri. Mtoto aliyekuwa akijibu kila swali la Sayansi darasa la saba, leo anaambiwa kitu kilekile kwa Kiingereza na hakielewi. Ana njia tatu: anyamaze asinzie, aitikie na kundi neno la mwisho la sentensi ya mwalimu, au amuulize jirani yake kwa Kiswahili. Hiyo ya tatu ndiyo ya mwenye nia ya kusoma, na ndiyo tunayoiadhibu. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani kwamba walimu wengi, wakishauliza swali, husubiri kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine, na kwamba wakivumilia hadi sekunde tatu majibu huwa marefu na watoto wengi zaidi hujitokeza. Hao walikuwa wakiulizwa kwa lugha waliyoizoea. Wetu wanahitaji muda zaidi ya huo, na wanahitaji ruhusa ya kunong'ona na jirani kwa dakika moja iliyotajwa na yenye mwisho, kisha mmoja anyooshe mkono. Kunong'ona kulikoruhusiwa kuna kikomo. Kulikokatazwa kunaendelea kipindi kizima.

Kwa sababu hiyohiyo nashikilia kwamba taratibu za darasa zielezwe kwa Kiswahili. Katika wiki za mwanzo, zile za kozi ya Kiingereza kwa Kidato cha Kwanza, tunawasomea watoto sheria za shule kwa lugha ambayo bado hawaijui, kisha tunawaadhibu kwa kuzivunja. Kiingereza wajifunze katika Kiingereza na Jiografia. Lakini namna ya kuingia darasani, mahali pa kuweka daftari, nini cha kufanya mwalimu anapochelewa, namna ya kuomba kutoka bila kukatiza somo, hayo mtoto ayasikie kwa lugha anayoota nayo ndoto.

Nimetaja fimbo na sitaki kuipita haraka. Kanuni zetu za mwaka 2002 hazimpi kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi; viboko havizidi vinne, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Msomaji mwenye mtoto sekondari amuulize leo jioni kama ndivyo inavyofanyika. Fimbo iko mkononi mwa kila anayeingia darasani, na mahali isipokuwepo kuna kupiga magoti juani na kuruka kichura. Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya, na wengi tuliwalaani, tena kwa haki. Lakini tulipita juu ya jambo moja: wale walikuwa wanachuo waliopelekwa shuleni kwa mafunzo kwa vitendo. Vijana walioletwa kujifunza namna ya kuongoza darasa walikuwa wameshaamini kwamba hiyo ndiyo njia. Waliipata wapi? Waliipata katika madarasa waliyosoma wao, kwa sababu chuoni hakuna aliyewakalisha na kuwaonyesha, hatua kwa hatua, unavyoingia katika chumba chenye watoto themanini na kutoka ukiwa umefundisha.

Majirani zetu Kenya waliifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaifanya kuwa kosa. Bado husikika visa vya watoto kuchapwa huko. Mimi natamani na sisi tuifute, ila sheria peke yake haimwonyeshi mwalimu cha kufanya saa mbili na nusu asubuhi mbele ya darasa lililochafuka. Anayemnyang'anya fimbo ana wajibu wa kumpa utaratibu.

Kuna adhabu nyingine inayonisumbua zaidi, pengine kwa sababu inaonekana nyepesi: kazi. Mtoto amechelewa, akafagie uwanja. Amepiga kelele, akadeki vyoo. Hakuleta daftari, akalime bustani ya shule. Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya kusoma, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kuhusu shamba na shule yao. Sisi tumechukua jembe na fagio tukavifanya vyombo vya kuaibisha. Mtoto aliyefundishwa kwa miaka minne kwamba kulima ni adhabu, tunamtarajia akimaliza arudi kijijini alime kwa moyo? Usafi uwe wa zamu, wa wote, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, na mwalimu wa zamu ashike fagio nao. Aliyechelewa afidie muda aliopoteza kwa kumaliza kazi aliyoikosa. Na aliyekosea aitwe pembeni. Kijana wa miaka 14 ukimgombeza mbele ya wenzake huna unachopata. Atachagua heshima yake kwa wenzake kuliko ya kwako, kila mara. Ukimwita nje ya mlango baada ya kipindi, ukamuuliza kuna nini nyumbani, mara nyingi utakuta kuna jambo.

Najua jibu nitakalopewa: "Wewe unaongea tu, njoo ufundishe wewe hao themanini." Na ni kweli kwamba themanini ni wengi mno. Hakuna mstari wa chaki ubaoni unaogeuza watoto themanini kuwa arobaini, na serikali isiutumie ujasiri wa walimu kama sababu ya kuchelewesha madarasa na ajira. Ila yule mwalimu wa Baiolojia hakungoja. Na alichonacho hakikununuliwa: ni makubaliano na wenzake, na ukaidi wa kufanya jambo lilelile kwa namna ileile kila siku mpaka likazoeleka.

Hayo makubaliano ndiyo yenye uzito. Mwalimu mmoja akiwa na utaratibu mzuri na wengine wanane kila mmoja na wake, mtoto anabadilisha sheria mara nane kwa siku. Mwalimu huyu anataka wasimame, huyu hataki. Huyu anaruhusu kutoka, huyu anachapa aliyeomba. Mkuu wa shule akae na walimu wote wa Kidato cha Kwanza na cha Pili kabla shule hazijafunguliwa, wakubaliane mambo machache: kipindi kinaanzaje, kinaishaje, madaftari yanakusanywaje, mtoto anaombaje kutoka, anayevuruga anashughulikiwa na nani na kwa hatua zipi. Yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Wiki mbili za mwanzo walimu wayafundishe hayo kama somo, kwa kuyafanyia mazoezi: toka nje, ingia tena, kusanya madaftari, rudisha. Itaonekana ni kupoteza muda wa mada. Lakini darasa likifika Machi linaanza kipindi lenyewe, muda huo umesharudi. Mzazi naye apewe nakala ya ukurasa huo kwenye kikao cha kwanza, ili ajue shule inadai nini na haidai nini.

Haraka ninayoiona ina tarehe. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio walioanza na mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia darasa la sita. Watamaliza mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba litamaliza pia. Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja, na kundi moja litakuwa la watoto wadogo kwa mwaka mzima kuliko tuliowazoea. Mjadala mwingi hadi sasa unahusu vyumba, viti na vyoo, na lazima vijengwe. Vyuo vya ualimu navyo vianze kuwapeleka wanachuo wao katika madarasa makubwa yanayoongozwa vizuri, wakae nyuma watazame, kabla hawajakabidhiwa chaki. TAMISEMI itoe maelekezo kwamba kila sekondari iwe na utaratibu wake wa darasa ulioandikwa, na wathibiti ubora wa shule waanze kuuliza habari zake wanapokagua. Nanyi wakuu wa shule, kwa hili hamhitaji waraka wala bajeti. Iteni kikao cha walimu wa vidato vya chini kabla ya Januari ijayo, mwanze na mlio nao sasa.